Ukiambiwa Umwige Mtu Unayemfahamu

Mihayo mwanangu,

Uko uani unapiga pasi mashati yako, na unaimba. Umefika kwenye ule mstari wa katikati ambao Mwalimu Zuhura wa darasa letu la nyimbo alisema unaukimbilia kana kwamba kuna mbwa nyuma yako. Leo hujaukimbilia. Umeuacha ukae. Nimeweka kalamu chini nikasikiliza mpaka ukamaliza, kisha nikaichukua tena. Nina furaha ya kijinga tangu asubuhi. Nimechemsha chai mara mbili nikaisahau mara zote mbili.

Kesho saa kama hizi utakuwa kwenye treni. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za mtu wa kukupokea, wala namna ya kulala umeshika begi. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyatamka pamoja nami, kwa sauti yangu, na nyusi zimepanda kama zangu, ukidhani sikuoni. Ninakuona. Ninataka kukuandikia yale ambayo sikuyasema, na moja kati ya hayo ni baya. Nitalifikia. Usirukie chini kulitafuta. Nina njia ya kulifikia, na nisipoipita nitalisema vibaya.

Inaanzia kwenye msiba wa babu yako.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimfahamu kuliko nilivyomfahamu mimi. Nilikuzaa nikiwa na kumi na tisa, nikakuacha Kwihara kwa babu na bibi yako nikaenda chuo kikuu, na miaka yote ile wewe ndiye uliyetembea nyuma ya baiskeli yake. Alikuwa haipandi tena kwa sababu ya goti, alikuwa anaikokota tu, nawe ulikuwa unasukuma nyuma ingawa haikuhitaji kusukumwa. Nilirudi na shahada ya fizikia nikakuta mtoto anayekohoa kama mzee kabla ya kusema jambo. Nilikupeleka hospitali Kitete. Daktari akasema mapafu ni mazima. Sikuelewa. Nilikuwa na shahada, na sikuelewa kwamba mtoto wangu alikuwa anamkohoa babu yake.

Siku ya kumzika, jeneza lilikuwa uani kule Kwihara, chini ya turubai. Walimu wenzangu walikuwa wamekuja kutoka mjini, wamekaa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki, suti zimewabana. Mchungaji alikuwa hajafika. Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Unakumbuka. Najua unakumbuka, lakini nataka uione kutoka mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Bibi Sechelela, jirani yetu Mgogo, mtani aliyezika nusu ya ukoo wetu kwa kuucheka, alitokea kwenye kona ya nyumba amevaa koti la baba na kofia yake, anakokota baiskeli yake, mguu wa kushoto unaburuta. Kuku alikatiza. Akasimama, akampigia kengele, akavua kofia akamwamkia kuku yule kwa heshima zote. Baba alikuwa akifanya hivyo kila siku ya Mungu. Wa kwanza kucheka ulikuwa wewe.

“Haya, mbona mmejaa?” akasema kwa sauti ya baba, ile ya puani. “Nilipokuwa napalilia karanga peke yangu mlikuwa wapi? Leo mmesikia wali, mmekumbuka njia!”

“Tulikuwa tunakuja, mzee!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

“Unakuja tangu mwaka juzi? Ulikuwa unatembelea magoti?”

Uwanja wote ukaangua kicheko. Bibi yako, ambaye hakuwa amenyanyua kichwa siku mbili, alicheka ndani ya khanga, na machozi yakaanza kumtoka papo hapo. Nami nikatazama viatu vya mkuu wangu wa shule. Vilikuwa vimetulia, vimepangwa sawasawa. Nikasimama.

“Bibi, tafadhali,” nikasema. “Hapa tunazika.”

Nikamvua koti. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mbele ya watu. Mkono mmoja ukagoma kutoka, nikauvuta. Bibi Sechelela hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuumwa na hajijui. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wanamenya viazi, akachukua kisu. Mchungaji akaja, tukaimba beti zote, tukazika kwa utaratibu mzuri sana. Jioni bibi yako akaniambia maneno manne: “Umemzika baba yako kavu.”

Mtani hanuniwi. Kila mtoto wa Unyamwezi analijua hilo kabla hajajua kusoma. Babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kwenda pwani, wakihitaji maji ya watu na njia ya watu, waliona afadhali kutaniana kuliko kuuana, na utani huo ukabaki kuwa undugu. Nimesoma habari zake vitabuni. Ningeweza kuzifundisha. Lakini nilipomwona mtani mwenyewe, akifanya kazi yake ya kumsimamisha marehemu mara moja zaidi ili watu waagane naye akiwa wima, niliona aibu. Nilidhani anatuchekesha sisi kwa sababu anatudharau.

Koti nikalileta hapa mjini nikalifungia kabatini. Nawe, wiki ile ile, ukaanza kuigiza. Ulimwiga mchungaji, ukamwiga muuza maziwa, ukamwiga mkuu wangu wa shule anavyokunja suruali kabla ya kukaa. Nikakwambia, “Hatuigi watu katika nyumba hii.” Ulikuwa mtoto mtiifu. Ukahamia nyuma ya choo. Nilikuwa nasikia vicheko vya watoto wa jirani, nami ninasahihisha madaftari nimeuma meno.

Sasa lile baya.

Mwaka juzi, ulipomaliza kidato cha nne, wale watu wa Dar es Salaam walipita hapa kuchagua vijana wa darasa lao la wanaoanza, la uigizaji na nyimbo za jukwaa. Ulisimama mbele yao. Uliporudi, shati limeloa, ulisema, “Mama, nimeua!” kisha ukasema hujui, kisha ukasema watampigia mzazi.

Walipiga, Mihayo. Walipiga baada ya wiki moja. Nilikuwa chumba cha walimu. Dada mmoja mwenye sauti ya haraka alisema, “Mama Mihayo? Tumemchagua kijana wako, tena tumemweka wa kwanza.” Nikamwambia una mipango mingine. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Simu ile haikumaliza hata muda wa kengele kulia.

Kila jioni ulikuwa unaniuliza, “Mama, hawajapiga?” Nami nilikuwa nasema, “Bado.” Nilisema huku nachambua mchele, uso umetulia, sauti ina huruma kiasi kinachofaa. Nimelifikiria sana neno hilo tangu tuanze darasa la Mwalimu Zuhura. Hilo ndilo igizo langu la kwanza, na halikuwa na kosa hata moja.

Siku moja ukaacha kuuliza. Ukasema, “Fresh tu, Mama. Labda sina kitu.” Ukaenda Kaliua kwa mjomba wako kuuza vipuri vya pikipiki, ukakaa huko karibu mwaka mzima. Uliporudi ulikuwa unaongea ukitazama chini, na hukumwiga mtu yeyote, hata pale muuza maziwa alipoteleza na ndoo mbele ya mlango wetu. Ulimsaidia kunyanyuka ukaingia ndani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sitakudanganya kuhusu sababu. Si kwamba niliona huna kipaji. Nilijua unacho, nilikuwa nimekisikia nyuma ya choo. Niliogopa watu watakucheka. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikijipanga ili nisichekwe: nimesoma ili nisichekwe, nimekulea peke yangu nimenyooka mgongo ili nisichekwe. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kusimama mbele ya watu akawaomba wamcheke, na akaondoka akiwa mzima zaidi ya alivyokuja.

Kisha Mwalimu Zuhura akabandika karatasi yake kwenye mlango wa duka la vitambaa. Unaikumbuka: “Kuigiza na kuimba jukwaani, kwa wasiojua kitu. Jumamosi, ghala la zamani la asali.” Fundi cherehani, mtoto wa mafundi cherehani, bibi yake alimshonea bibi yako gauni la harusi, naye akaenda pwani kujifunza jukwaa akarudi kutufundisha kati ya madebe. Ulisema utakwenda kuangalia tu. Nami nikasema nitakusindikiza, kuangalia tu.

“Hapa hakuna kuangalia,” akatuambia mlangoni, sindano bado iko kifuani mwa gauni. “Aliyekuja kukaa aende sokoni, kule kuna viti.”

“Mwalimu, mimi nina umri wa miaka thelathini na nane,” nikasema.

“Hongera. Vua viatu.”

Na wewe, kwa kunong’ona, “Mama, tulia basi. Simama tu.”

Tulilala sakafuni kati ya watoto wa shule na yule dereva wa bodaboda mwenye sauti nene, tukajifunza kuvuta pumzi mpaka tumboni. Sakafu ile inanuka asali mpaka leo, na nyuki hawajapata habari kwamba ghala limefungwa. Nililala pale nikiwa na nyuki mmoja juu ya goti langu, nikisikia pumzi yangu inaingia na kutoka, na nikafikiri: nimepumua miaka yote hii kwa kutumia mabega.

Kisha tukaimba mmoja mmoja. Mimi nimeimba kwaya tangu msichana, sauti ya pili, nasoma noti, sijawahi kutoka kwenye mstari. Nilimaliza. Mwalimu Zuhura akanisogelea.

“Mama Mihayo, sauti ni nzuri. Lakini unaimba kama unamsomea mtu namba za luku ya umeme.”

Ghala zima likacheka. Dereva wa bodaboda akakaa chini kabisa. Nikangoja kufa. Nilisimama pale nikingoja lile jambo nililolikimbia tangu utotoni linifike, na lilipofika lilikuwa la joto. Nikacheka na mimi. Ulinitazama, macho yametoka, kama umeona ukuta umekaa chini kunywa maji.

Tangu siku hiyo nilisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Wewe ulidhani ninakulinda. Nilikuwa najiendea. Nilikuwa nafanya mazoezi ya pumzi nikiandika kanuni za mwendo ubaoni. Mwalimu Zuhura alituambia kwamba katika mchezo wa nyimbo mtu haimbi kwa sababu zamu ya wimbo imefika. Anaimba kwa sababu maneno yamechoka na jambo bado liko kifuani. Nililirudia hilo njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa na jambo kifuani, na neno lake lilikuwa “Bado”.

Jumamosi ya nne akasema: tembea kama mtu unayemfahamu. Usituambie ni nani.

Ukaenda mwisho wa ghala. Ukashika baiskeli ambayo haikuwepo. Ulipogeuka, mguu wa kushoto ukaburuta, na baba yangu akaingia. Akasimama kumpisha kuku. Akavua kofia. Hapakuwa na kofia, Mihayo, lakini niliona alama yake kwenye paji la uso wako. Akakohoa kabla ya kusema jambo, kisha akanyamaza kana kwamba ameona si lazima. Watu walikuwa wanacheka kwa upole, hawakumjua. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya madebe.

Nilirudi. Tafadhali likumbuke hilo, kwamba nilirudi. Zamu yangu ikafika, nikaenda mwisho wa ghala, nikasimama. Sikuwa na mtu. Nilitafuta kila mahali, nikajaribu kumwiga mama yangu nikashindwa, sikujua anaanza na mguu gani.

“Humfahamu mtu hata mmoja?” Mwalimu Zuhura akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua.

Mtu humwigi kwa kumdharau. Humwigi mpaka umemtazama muda mrefu bila kumhukumu, na mimi nilikuwa nimewatazama watu wangu wote kama ninavyotazama karatasi za mtihani.

Asubuhi ya Jumapili, wewe ukiwa kanisani, nilikamata tetea nikaenda Kwihara. Bibi Sechelela alikuwa mlangoni anapepeta mahindi, na wakwe zake wawili kando yake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Nani huyu? Polisi wa misiba?” Akajishika khanga begani kwa mikono miwili. “Usinivue na hii, mwenzio nimebakiwa na hii moja.”

“Nimekuja kukuomba radhi.”

“Radhi, kwa mtani? Kweli shule imekumaliza. Huyo kuku ni wangu au unamtembeza?”

Nikampa kuku. Akampima kwa mkono, akasema ni mwembamba kama mwenyewe, akampa mkwe wake. Kisha akasimama. Akanyoosha mgongo mpaka ukalia. Akaweka ungo kwapani kama mkoba, akavuta kidevu ndani, akaja kwangu kwa hatua fupi fupi za mtu anayeogopa kukanyaga tope pasipo na tope.

“Bibi, tafadhali,” akasema. “Hapa tunazika.”

Wakwe zake walijishika kuta. Ilikuwa mimi kabisa, mpaka pua. Lakini alipoinua mikono kuvua koti ambalo halikuwepo, mikono ile ilikuwa inatetemeka, inatafuta vifungo haivioni. Sikujua kwamba nilitetemeka siku ile. Yeye alikuwa ameona. Alikuwa amevuliwa koti mbele ya kijiji kizima, na katika dakika hiyo hiyo alikuwa amenitazama vizuri, akanihifadhi miaka yote hiyo bila kunipunguza wala kuniongeza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye makapi, na nilipokuwa nacheka kicheko kikageuka kilio. Nikamlilia baba yangu kwa mara ya kwanza.

“Haya,” Bibi Sechelela akasema, akirudi kwenye ungo wake. “Sasa amelowa. Mzee anaweza kwenda.”

Kesho yake nikapiga Dar es Salaam. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Yule dada mwenye sauti ya haraka hakuningoja niimalize. “Yule kijana aliyemwiga mzee wa baiskeli? Mama, tulisikitika sana! Bado tunamzungumzia. Yupo? Anakuja?” Nilikwambia kwamba wametangaza nafasi na umepata. Ukaruka mpaka ukagonga kichwa kwenye kizingiti. Lakini siku mbili baadaye nilikusikia unamwambia rafiki yako, “Mara ya kwanza walinikata. Naenda mdogo mdogo, nisijifanye najua.”

Ndiyo maana naandika. Hawakukukata, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukata. Ulikuwa wa kwanza. Usiingie darasani kesho kutwa umejikunja kwa sababu ya uongo wangu. Ingia kama mtu ambaye nafasi yake ilikaa ikimsubiri.

Utakuwa na hasira. Ichukue, ni yako, usinifichie kwa adabu. Sitaki unisamehe kabla treni haijafika Ugogo kwa sababu tu mimi ni mama. Na mkifika Ugogo, wauza karanga watakaposikia lafudhi yako na kukuita mbeba mizigo, usiniaibishe: wajibu.

Nilipanga kukupa barua hii kesho, kupitia dirisha la behewa, treni ikiwa imeanza kusogea. Ungekuwa mwisho mzuri wa onyesho. Lakini nimeshaondoka mbele ya watu wangu mara nyingi mno. Nitakupa sasa hivi, ukimaliza shati la mwisho, na nitakaa kwenye kigoda mbele yako unapoisoma. Nitakuwa sijui pa kuweka mikono. Unitazame.

Maana kule, wiki ya kwanza, lazima watakuambia umwige mtu unayemfahamu. Babu yako wameshamwona. Wape mimi. Anza na mchele kwenye ungo, na ule uso uliotulia. Sema “Bado” kama nilivyosema, usililainishe. Kisha wape na yule mwanamke wa ghalani, na nyuki juu ya goti. Ukifanya vizuri watacheka, na huenda mmoja wao akalia, na wote watakuwa wamenifahamu.

Koti la babu yako liko juu ya kiti hapa kando yangu. Nimelianika, nimelishonea kifungo. Pasi imenyamaza, nakusikia unakunja shati. Njoo ulivae.

Safari hii sitamvua mtu.

Mama yako, mwanafunzi mwenzio